Mzinga Mtupu Juu ya Mtundu

Nimelichoka neno mazingira. Nasema hivyo nikiwa mwalimu wa sayansi, mtu ambaye neno hilo linampa ugali. Kila mwaka, siku ya kupanda miti, tunasimama kwenye uwanja wa shule hapa Unyambwa, watoto wanaimba, mgeni rasmi anashika koleo hadi picha ipigwe, kisha miche tunawaachia upepo wa Singida na mbuzi wa majirani. Ikifika Agosti yamebaki mashimo na vijiti. Mwaka unaofuata tunapanda kwenye mashimo yaleyale, maana angalau yamekwisha chimbwa.

Darasani nachora mishale. Ua linamlisha nyuki, nyuki anachavusha ua, ua linakuwa mbegu, mbegu inakuwa mti, na mti unatoa ua tena. Watoto wanakariri na wanafaulu. Mimi nikigeuka kufuta ubao huwa naona aibu kidogo, aibu ambayo hakuna mwanafunzi anayeijua. Mchoro ule niliwahi kuuvunja kwa mkono wangu mwenyewe, tena nikiwa na kalamu na daftari la mahudhurio, nikiamini ninaleta maendeleo.

Baba yangu anaishi Ihanja, nyumba ya mwisho kabla ya mashamba kuisha na pori kuanza. Nasema pori kwa mazoea tu. Ni mfugaji wa nyuki, na nyuki walimfanya awe mtu wa maneno machache na magoti mabovu. Hana hekima za kugawa. Ukimtembelea atakueleza habari za redio, atalalamikia magoti, atauliza kama umekula, basi. Lakini wakati wa nguvu zake alikuwa na mizinga ya magogo kama sitini, kila mmoja kaupasua, kaukomba ndani kwa tezo, kaufunga upya na kuuning'iniza juu ya mti kwa ndoano ya tawi gumu.

Kwetu mti wenye mzinga haukatwi. Sheria hiyo haikuandikwa popote, wala sijawahi kusikia mkutano ulioipitisha. Mtu akienda kutafuta boriti, kuni, mpini wa jembe au mti wa kuchoma mkaa, kwanza anatazama juu. Akiona gogo limening'inia, anapita. Hatazami kama lina nyuki au halina. Ni kama kofia iliyoachwa juu ya kiti. Mwenyewe hayupo, lakini hukalii. Hata wachungaji waliotoka mbali na ng'ombe wao, wasiojua neno moja la Kinyaturu, walijifunza jambo hilo kabla ya kujifunza kusalimia.

Karibu nusu ya mizinga ya baba ilikuwa mitupu kila mwaka. Nyuki wana hiari yao, wanaingia wanapopenda. Bado baba aliipanda miti yote, akabadilisha ndoano zilizooza, akaziba nyufa za mizinga ambayo haikuwa imetoa asali tangu mimi nikiwa darasa la pili. Nilipomuuliza kwa nini anajitesa na magogo yasiyo na kitu, alinijibu kwamba mzinga mtupu nao una kazi yake. Nikadhani anamaanisha unasubiri kundi la nyuki. Sina hakika kama yeye mwenyewe alimaanisha zaidi ya hapo. Alifanya alivyoona baba yake akifanya.

Mimi sikupanda. Nilikuwa mtoto wa kwanza, mwenye miguu myepesi kuliko kaka zangu wote wawili walionifuata, na sikupanda. Mwanamke hapandi mti wa nyuki, ndivyo nilivyoambiwa, na kwa nini, sikuambiwa. Kazi yangu ilikuwa kubeba kienge cha nyasi kinachofuka moshi na kusimama chini na kibuyu kusubiri masega yateremshwe kwa kamba. Kaka zangu walipanda kwa zamu, wakashuka wamevimba nyuso na wanacheka. Mimi nilikuwa navimba moyo. Wote wawili wakaondoka kwenda kutafuta maisha mjini, wala hawana haja na nyuki tena. Aliyebaki anawataka ni yule aliyekatazwa.

Kwa hiyo mradi wa ufugaji nyuki ulipokuja Ihanja, mtu wa kwanza kuandikisha jina nilikuwa mimi. Mtaalamu alifika kijijini na mzinga wa kisasa, yaani sanduku la mbao lenye mfuniko na viunzi ndani, linalokaa juu ya vigingi usawa wa kiuno. Alisema jambo moja ambalo lilinifanya niache kuandika nimsikilize: kwa mzinga huu hata akina mama wanafuga nyuki, maana hakuna kupanda. Nilikuwa na miaka arobaini na kitu, nilikuja Ihanja likizo tu kumwona baba, na nilijisikia kama nimeitwa jina langu baada ya kusahaulika muda mrefu. Wiki ile ile tukaunda kikundi cha wanawake kumi na wanne. Nikawa katibu, kwa kuwa nina mwandiko.

Shida ilikuwa moja. Tulipewa masanduku, nyuki hatukupewa. Makundi yalikuwa kwenye magogo ya baba. Tukapanga, na nasema tukapanga ila aliyepanga ni mimi, kwamba makundi yahamishwe, kisha magogo yote yashushwe, yenye nyuki na yasiyo na nyuki, ili yasibaki kuwavuta warudi porini. Nyuki wasiwe na pa kwenda ila kwenye masanduku yetu. Mtaalamu hakutuambia tushushe magogo. Nililitoa kichwani mwangu, na lilionekana jambo la akili kabisa.

Baba alikuwa amekwisha kuanguka mara mbili. Nilitumia hilo. Nilimwambia sitaki kuitwa toka darasani kuja kuokota mifupa yake chini ya mti. Siku tatu alisikiliza redio yake. Siku ya nne asubuhi, anakunywa uji, akaniuliza kama mtu anayeuliza njia.

"Mti usio na mzinga ni mti wa nani?"

"Wa kijiji, Baba. Wa serikali."

Akatikisa kichwa polepole, akamaliza uji. Nilichukua kule kutikisa kichwa kuwa ni kukubali. Ninafundisha watoto kusoma swali mara mbili kabla ya kujibu, na swali lile sikulisoma hata mara moja.

Magogo yalishushwa kwa siku tano na vijana wa kijiji. Baba aliwaelekeza toka chini, mti kwa mti. Alikuwa anajua kila mmoja, ule aliouwekea mzinga mwaka mama alipojifungua mimi, ule uliomwangusha mara ya kwanza. Magogo mazuri tuliyafanya mabenchi ya kikundi. Yaliyooza tulipikia chai na wali siku ya uzinduzi, na nakumbuka moshi wake ulinukia nta na watu wakausifu. Lilibaki gogo moja tu, ambalo mke wa mdogo wangu, aliyeachwa nyumbani na baba, alilichukua akaliweka nyuma ya jiko kuku watagie.

Mwaka wa kwanza tulifanikiwa, sitasema uongo. Nilivaa vazi jeupe na wavu usoni, nikafungua sanduku kwa mkono wangu, nikainua kiunzi kizito kilichojaa asali, na nililia ndani ya wavu mahali ambapo hakuna aliyeniona. Mashamba ya alizeti yaliyokuwa karibu na masanduku yalibeba vichwa vizito hadi shingo zikainama. Watu wakasema Mwalimu ameleta baraka. Baba alikaa pembeni kwenye benchi la gogo lake mwenyewe, akalamba asali, akasema ni tamu, kisha akasema magoti yanamuuma.

Kiangazi kilichofuata nikiwa Unyambwa nilipigiwa simu kwamba wanachoma mkaa kule nyuma ya nyumba. Nilipofika Jumamosi, miti saba mikubwa, ile tunayoiita mitundu, ilikuwa chini na tanuru mbili zinafuka. Mchoma mkaa alikuwa jirani yetu, mtu mzima mwenye watoto wanaosoma, aliyemheshimu baba maisha yake yote. Hakukimbia. Aliweka shoka chini, akamwamkia baba shikamoo kwa mikono miwili, akaeleza kwa utulivu kabisa. Aliona mizinga imeshushwa. Akauliza kijijini, akaambiwa mzee amestaafu. Akasubiri mwezi mzima aone kama itarudishwa, haikurudishwa, ndipo akakata. Aliongeza kwamba kama mzee angekuwa bado ana mzinga hata kwenye mti mmoja kati ya ile, huo asingeugusa.

Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Alikuwa amefuata sheria kuliko mimi. Nilikwenda kwa uongozi wa kijiji, nikasikilizwa vizuri, nikaahidiwa kwamba suala litaingizwa kwenye ajenda. Lilipoingizwa, na likajadiliwa, na likaundiwa kamati ambayo mimi pia niliwekwa kuwa katibu, ukataji ulikuwa umefika ng'ambo ya korongo. Cha mtu ni cha mtu, lakini cha kijiji kila mtu anahofia mwenzake atakiwahi, kwa hiyo wote wanawahi. Watu niliowajua wapole walikata usiku na mchana kwa hofu kwamba kitaisha kabla hawajapata chao. Kilikwisha.

Mkaa ule ulikwenda wapi? Ulikuja mjini. Siku moja bodaboda alinishushia gunia hapa Unyambwa, nikaanza kupika maharage. Kipande kimoja kikubwa kilikataa kuingia kwenye jiko, nikakigeuza nikitafuta pa kukivunjia, nikaona kigingi kimekwama ndani yake, kimeungua pamoja na mti wake. Baba alikuwa anapigilia vigingi vya mti mgumu kwenye shina ili akanyagie, viwiliviwili, kila kimoja kimechongwa ncha pande nne. Nilikijua kigingi kile kama ninavyojua viatu vyake. Nilikishika muda mrefu. Halafu nikakivunja nikakitia jikoni, kwa sababu watoto walikuwa wanarudi toka shule na njaa yao, na maharage hayaivi kwa majuto. Jambo hilo sijawahi kumwambia baba.

Nyuki hawakuondoka siku moja. Mimi mwalimu nilipaswa kujua. Alizeti huchanua wiki chache tu mvua zikielekea mwisho, na wakati huo nyuki anakula kama mtu wa harusini. Lakini harusi ikiisha kuna miezi mingine yote. Miezi hiyo nyuki walikuwa wanalishwa na pori kwa zamu: mti huu ukimaliza maua huu unaanza, mitundu inachanua katikati ya ukavu kabla hata tone la kwanza kudondoka, migunga inafuata. Pori lilikuwa ghala lao. Tulipolimaliza ghala, masanduku yetu mazuri yenye namba za rangi ya bluu yakabaki kwenye jua kali yakiwatazama wenye njaa. Tuliwapa maji ya sukari. Wakakaa kidogo kwa adabu, wakaondoka, sanduku baada ya sanduku. Msimu uliofuata alizeti ilirefuka, ikachanua, ikapendeza macho, na tulipopura tukakuta mapepe, maganda matupu yasiyo na kiini. Mama mmoja wa kikundi alijaza kiganja mapepe, akayapuliza yote yakaruka, akanitazama. Alikuwa anategemea mafuta ya shamba lile kwa mwaka mzima.

Basi, ndiyo habari yenyewe. Mishale ninayochora ubaoni ni sahihi yote, ua, nyuki, mbegu, mti. Kilichokosekana ni gogo tupu linaloning'inia na mtu anayelitazama na kupita. Hakuna silabasi inayoweka gogo tupu kwenye mchoro. Mimi nilikuwa nalitazama tangu utotoni nikaliona kuwa ni uzembe wa mzee.

Imebaki miti kumi na mmoja. Iko kwenye mkono wa korongo, mahali penye mawe ambapo baiskeli ya kubebea magunia inapita kwa shida. Mikubwa kweli ni mitundu mitatu. Mwaka huu, mwezi wa saba, baba alinipigia simu mwenyewe, jambo asilolifanya, maana anaamini simu inamaliza salio hata kwa kupigiwa. Aliniambia amesikia shoka upande wa korongo. Ile ikikatwa, alisema, nyuki wakipita hapa hawatakuwa na hata mahali pa kutua wapumzike, na yeye anataka kabla hajafa awasikie tena mara moja. Hakuwahi kuniambia anataka kitu. Nikaomba ruhusa ya siku mbili, nikadanganya kwamba kuna msiba. Kwa namna fulani haukuwa uongo.

Nilitaka tuchonge mzinga mpya, akanicheka. Utachonga na nini, mwalimu, utakata mti ili uokoe mti? Tukakumbuka gogo la kuku. Lilikuwa bado nyuma ya jiko, limechakaa, lina manyoya na kinyesi, na kuku mmoja alikuwa ndani analalia na hakuwa tayari kwa mazungumzo. Tulimhamisha na mayai yake kwenye beseni. Baba alikomba gogo ndani kwa tezo yake ile ile, akapaka nta kuukuu aliyoihifadhi kwenye kopo la mafuta ya kupaka. Tukalifunga kwa waya, tukalipakia kwenye toroli, tukaenda kule korongoni asubuhi, yeye anachechemea mbele, mimi nasukuma nyuma, na watu wa barabarani wanatuamkia bila kuuliza.

Tulipofika chini ya mtundu mkubwa tukasimama. Hakuna aliyefikiria jambo hilo njiani, au sote tulilifikiria tukanyamaza. Vijana wa kijiji walikuwa wamekwenda mnadani. Baba alitazama magoti yake, akatazama juu, akanitazama mimi. Nina miaka hamsini na miwili, nina sukari, nilikuwa nimevaa kitenge.

"Vua viatu," akasema.

Nilipanda. Alipigilia vigingi vya chini yeye, vya juu nikapigilia mwenyewe kwa mgongo wa shoka huku nimekumbatia shina kama mtoto mchanga. Sikufurahi. Nilikuwa nimesubiri siku hiyo toka nina miaka minane, na ilipofika nilichosikia ni maumivu ya nyayo na hofu. Nilipokaa kwenye tawi, nikavuta kamba, gogo likapanda likijigonga, nikaliegesha na kuingiza ndoano. Ndipo nikageuza uso. Toka juu niliona kitu ambacho baba alikuwa akikiona miaka yote kikiwa hai: sasa visiki, vingi vyenye machipukizi yaliyotafunwa na mbuzi, madoa meusi ya tanuru, mashamba mekundu hadi kwenye barabara kuu, na vumbi. Nilihesabu pale ilipokuwa miti niliyoijua, nikaacha.

Nilikuwa bado juu nilipoisikia baiskeli. Alikuwa yule yule jirani yetu, ana shoka nyuma na magunia matupu yamekunjwa. Akashuka, akamwamkia baba vizuri, wakaulizana habari za nyumbani, za watoto, za magoti. Akainua macho akaniona mimi na kitenge changu nimefunga kati ya miguu, akaniamkia pia kwa heshima, kama vile mwalimu wa watu kukaa juu ya mti ni jambo la kila siku. Kisha akalitazama gogo muda mrefu. Akauliza swali ambalo katika maisha yangu yote sikuwahi kulisikia likiulizwa chini ya mzinga wa mtu.

"Mzee, una nyuki huu?"

Nilikuwa nimeweka mkono kwenye tundu la gogo ili lisizunguke. Ndani kulikuwa na ubaridi na unyoya mmoja wa kuku. Baba yangu sijawahi kumsikia akisema uongo. Alimwambia marehemu mama kwamba amenenepa. Aliwahi kukataa kutoa ushahidi wa uongo wa kumwokoa ndugu yake mwenyewe. Alisimama pale na fimbo yake, akamtazama jirani yake usoni.

"Wapo," akasema. "Tena wakali."

Jirani akaitikia kwa kichwa. Sijui kama aliamini au alimsitiri tu mzee wa watu. Alipanda baiskeli yake akaenda na njia ya upande mwingine, na mpaka leo miti kumi na mmoja iko pale, ingawa miti mingine kumi haina gogo. Mimi nilishuka taratibu, kigingi kwa kigingi. Baba alikuwa amenipa mgongo, anajifanya anakunja kamba, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nilivaa viatu, tukarudisha toroli.